Pikipiki Iliyokubali Goti la Baba

Watu walianza kuicheka pikipiki ile kabla haijashushwa kwenye lori. Ilikuwa imefungwa kamba katikati ya majokofu na fremu za vitanda, na mjomba wangu alisimama juu akiwahimiza vijana waishushe taratibu. Mjomba alikuwa analeta vitu vilivyotumika kutoka Uarabuni na Japani, kama walivyofanya watu wengi mjini miaka ile biashara ilipofunguliwa. Yadi yake ya Temeke ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, ndiyo maana siku hiyo alikuja kwetu Chanika.

"Mbona imekaa kitako?" jirani mmoja aliuliza.

"Imechoka," mwingine akamjibu. "Imetoka Japani hiyo. Wewe ungekuwa umesimama?"

"Si pikipiki hii, ni kitanda. Wamekiwekea taa."

Kweli ilikuwa chini. Pikipiki tulizozijua sisi zilikuwa za kwenda juu, nyembamba, kama zile za mabwana shamba, na kiti chake kilimfika mtu kiunoni. Hii kiti chake kilizama nyuma ya tangi, kiasi kwamba aliyekaa alionekana yumo ndani ya pikipiki badala ya kuwa juu yake. Tangi lilikuwa refu, pana mbele na jembamba nyuma, rangi ya zambarau zilizoiva. Usukani ulirudi nyuma kumfuata dereva alipo. Gurudumu la mbele lilitangulia mbali, limeshikwa na mikono miwili minene iliyolala, na tairi la nyuma lilikuwa nene kama la gari dogo. Injini ilikuwa na silinda mbili zilizotanuka kama vidole viwili vya mkono, zimebanana katika nafasi ndogo chini ya tangi.

Lakini aliyeiunda hakutaka iwe ya kustarehe tu. Mbele ilikuwa na diski mbili za breki, kubwa kama sahani za wali. Madigadi yalikuwa mafupi. Ekzosi mbili, zote upande wa kulia, zilikatwa mwishoni kwa mshazari. Ukiitazama kwa ubavu iliinamia mbele kidogo, kama paka anayevizia kifaranga.

"Mpwa wangu," mjomba aliniambia, "mafundi wa mjini imewashinda. Inawaka vizuri, ukiweka gia inazima. Itazame. Ikipona nampelekea mteja wangu wa Kinondoni, anapenda mambo makubwa."

Nilitikisa kichwa kukubali. Mimi mbele ya watu nilikuwa natikisa kichwa zaidi kuliko kusema. Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza ufundi kwa bwana mmoja Temeke, kisha nikarudi nyumbani kutengeneza baiskeli na pikipiki za majirani kwenye kibanda cha makuti pembeni ya nyumba yetu. Vyuma havihitaji niongee.

Baba alikuwa amekaa barazani. Wengine walipokuwa wanacheka, yeye aliitazama pikipiki kimya, kichwa kimeinama upande mmoja. Wote walipoondoka akaniita.

"Umeona pa kuwekea miguu?"

"Pako mbele, baba."

"Mbele kabisa," alisema. "Anayeendesha ananyoosha miguu."

Hapo nikaelewa alichokuwa anakitazama.

Goti la kulia la baba lilikuwa halikunji. Alianguka kutoka kwenye mnazi akiangua nazi, na alipotoka hospitali mguu ulikuwa umenyooka kama mwiko, ukabaki hivyo. Nyumbani tulizoea. Kwenye mkeka aliuelekeza mlangoni na kila aliyeingia aliuruka. Aliswali amekaa kwenye kigoda. Tatizo lilikuwa safari. Mara ya mwisho alipopanda basi, kondakta alimwambia, "Mzee, kunja mguu, abiria wapite." Baba akamwambia haukunji. "Basi uache nyumbani," kondakta akasema, na abiria wakacheka. Baba aliteremka kabla basi halijaondoka, akarudi nyumbani kwa fimbo yake, na tangu siku ile hakutoka Chanika tena.

Kilichoniuma ni kwamba huyu alikuwa mtu wa barabara. Kabla ya wafanyakazi kupunguzwa, alikuwa tarishi wa ofisi moja ya serikali. Alipeleka bahasha kwa pikipiki mji mzima, jua na mvua, na mapito ya Kinondoni na Temeke aliyajua kuliko polisi. Jioni ofisi ilimruhusu kuja nayo nyumbani, na siku za mapumziko mama alipanda nyuma. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mama akirudi na vumbi kwenye nyusi, anacheka peke yake.

Sasa dada yangu, mkubwa wangu, aliyeolewa Bunju, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Ndiye mjukuu wa kwanza wa baba. Kwa desturi ya ukoo wetu, mtoto wa kwanza wa binti akitimiza arobaini hunyolewa nywele za tumboni akiwa amepakatwa na babu mzaa mama. Si mtu mwingine. Babu asipokuwapo, hupakatwa na babu wa upande wa pili, na maneno huwa hayaishi. Dada alikuwa ametuma ujumbe: anamsubiri baba.

Kutoka Chanika mpaka Bunju ni kuvuka mji wote, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mjomba alikuwa ameahidi lori lake. "Shemeji tutamwekea godoro nyuma, atalala raha mustarehe," alisema.

Baba alijibu kwa sauti ndogo, "Mie si gunia la mkaa." Akasema basi, ampakate huyo babu mwingine. Mama aliingia ndani kupika na hakutoka kwa muda mrefu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa pikipiki ilipofika.

Nilianza kuitengeneza asubuhi iliyofuata. Mjomba alisema kweli: ukiminya swichi injini iliwaka, ikanguruma kwa mapigo mawili mazito, *du-dum, du-dum*, kuku wakakimbia. Ukigusa gia, kimya. Nilifungua kabureta nikazisafisha. Nikazifungua tena. Nikabadilisha plagi, nikakagua mipira ya mafuta ya tangi. Baba alinitazama kutoka barazani, na kila ilipozima alipiga ulimi kama anayemhurumia mtu.

Siku moja nilikuwa naifuta matope tu, kwa sababu sikuwa na wazo jingine. Kwenye kiungo cha stendi ya pembeni nikakuta kidude kidogo cha plastiki chenye waya, kimeganda udongo mkavu. Nilikisugua kwa mswaki na petroli kikaanza kuchezacheza. Kumbe Wajapani walikuwa wamehofia dereva asije akaondoka stendi ikiwa bado iko chini, hivyo wakaiamuru injini izime yenyewe gia ikiwekwa. Kidude kilipoganda, pikipiki iliamini kuwa stendi iko chini siku zote. Nikawasha, nikaweka gia, na injini haikuzima.

Nikaizungusha uwanjani. Sitaisahau ile mara ya kwanza. Pikipiki ndogo nilizozoea unazibembeleza: unavuta mafuta, unasubiri, unateremsha gia, unavuta tena. Hii niliiachia klachi taratibu, nikagusa mafuta kidogo tu, nikahisi mtu amenisukuma mgongoni kwa kiganja kipana. Ilikuwa na nguvu tangu chini kabisa, injini ikizunguka polepole. Kwenye kona za karibu ilikuwa mbishi kwa sababu ya urefu wake, na ukiinamisha sana chuma cha mguu kilikwaruza mchanga. Lakini mahali paliponyooka ilitulia kiasi kwamba ungeweza kuwaza mambo mengine.

Niliporudi, baba alikuwa amesimama kibandani.

"Ishike," akasema.

Niliishika usukani. Alisimama upande wa kushoto, akashika bega langu, akaupitisha ule mguu wake mkavu juu ya kiti kwa nyuma. Kwenye pikipiki ya kawaida usingepita, ungegonga kiti. Hapa ulipita na nafasi ikabaki. Akakaa. Mguu wa kushoto ukaenda mbele kwenye chuma chake. Wa kulia ukaenda mbele wenyewe, umenyooka vilevile ulivyonyooka siku zote, na kisigino kikakaa mahali pake, unyayo ukaikuta breki.

Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akatazama mbele kwenye mihogo yetu kama vile ni Barabara ya Morogoro.

Baadaye kidogo akaniambia, "Unajua, nyuma nisingeweza kukaa. Vyuma vya abiria viko juu, vinataka goti."

Ni kweli. Hakuna kiti cha abiria mjini kote kilichoukubali mguu ule, si cha basi, si cha gari, si cha pikipiki. Kiti kilichoukubali kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha dereva.

Mazoezi tuliyafanyia kwenye uwanja wa mpira asubuhi na mapema, kabla watoto hawajaamka. Niliifunga bati la pipa chini ya injini, maana ilikuwa chini mno kwa njia zetu na visiki vingeitoboa. Baba hakuwa amesahau. Klachi, mafuta, mizani, vyote vilimrudia kama mtu anayeimba wimbo wa utotoni. Alizunguka uwanja ameketi wima, kofia yake ya baraghashia kichwani, na niliona mabega yake yakishuka na kupumzika.

Kisha mbuzi akakatiza. Ghafla injini ilipiga kelele, tairi la nyuma likasota upande, na baba na pikipiki wakaingia kwenye shamba la mihogo la jirani wakalala humo. Nilikimbia mpaka nikapoteza kandambili. Alikuwa mzima, amelalia majani, mguu wake umeelekea mbinguni.

"Nilikanyaga breki!" alisema kwa hasira. "Nimekanyaga kabisa, ikaruka!"

"Ulikanyaga gia, baba."

Akautazama mguu wake wa kushoto. Pikipiki ya ofisi aliyoendesha miaka yote ilikuwa ya zamani ya Kiingereza. Gia zake zilikuwa mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Hii ya Kijapani ni kinyume. Mambo yakiwa ya polepole, kichwa chake kilikumbuka. Mambo yakiwa ya ghafla, mguu wa kushoto ulijiendea wenyewe kutafuta breki ya zamani, na kwa injini yenye nguvu kama ile, ukiishusha gia ghafla, tairi la nyuma linagoma kuzunguka.

Tulijaribu siku nyingine. Nilimfungia kitambaa chekundu kwenye kiatu cha kulia. Nilisimama mbele nikipunga mikono. Akifikiri, alipatia. Akishtuka, alikosea. Safari ya kuelekea Bunju ina mambo mengi ya kushtua.

Asubuhi moja alizima injini mwenyewe katikati ya uwanja. "Inatosha," akasema. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Mwambie mjomba wako aje aichukue."

Nikashika usukani ili ateremke. Ndipo nikasikia sauti ya mama nyuma yetu.

"Unasahau mguu wa kulia."

Alikuwa amesimama pembeni ya goli, khanga kichwani, ndoo ya maji chini. Sikujua kama siku zote alikuwa anakuja kutazama.

"Wewe unajua nini habari za breki?" baba alimuuliza.

"Ile ya zamani ulikuwa unabonyeza kushoto," mama akasema. "Si nilikuwa nakaa upande? Miguu yangu si ilikuwa inaning'inia hukohuko kushoto? Kiatu chako nilikuwa nakiona miye. Kila ulipotaka kusimama, nilikiona kinashuka, nikajishika kabla hujasimama. Unadhani kwa nini sikuwahi kuanguka?"

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari mpya baada ya miaka mingi.

Mama akasogea kwenye pikipiki. Hakuiangalia taa wala tangi. Aliinama upande wa kushoto, akachungulia kwenye gurudumu la nyuma.

"Cheni iko wapi?"

"Haina cheni, mama," nilimwambia. "Kuna chuma kinazunguka humu ndani ya bomba, ndicho kinachosukuma tairi. Kimefunikwa."

"Haina cheni!" Alisimama wima. Pikipiki ya ofisi iliwahi kumlia khanga mpya jozi nzima barabarani, na hadithi hiyo nyumbani kwetu ilisimuliwa kila Idi. "Na ekzosi?"

"Zote ziko kulia."

"Basi huku miguu haiungui wala nguo hailiwi." Akamgeukia baba. "Nitakaa nyuma yako. Mkono wangu utakuwa hapa." Akaweka kiganja kwenye ubavu wa kulia wa baba, juu kidogo ya mshipi. "Nikiona cha kusimamia, nakugusa. Nikikugusa, mguu wa upande huo. Usifikiri."

"Nikikuangusha je?"

"Utakuwa umeniangusha."

Akafunga khanga kiunoni, akakaa upande kwenye kile kiti kidogo cha nyuma. Kilikuwa kifupi na kimeinuka, hakikutengenezwa kwa mtu wa kukaa upande, akateleza kidogo na kumwegemea baba. Wakaondoka polepole. Nilitembea pembeni yao mwanzoni, kisha wakanipita. Mwisho wa uwanja mbuzi yuleyule, au ndugu yake, alikuwa anavuka. Niliuona mkono wa mama ukigonga. Mguu wa kulia ukakanyaga, pikipiki ikainama mbele kidogo na kusimama palepale, imetulia, na mbuzi akapita akitafuna.

Mama alimgonga tena ubavuni, mara hii kwa kidole kimoja, na baba akacheka kwa sauti.

Mjomba alikuja kuichukua juma lile lile la arobaini. Baba alikuwa mtu wa kujizuia mbele ya shemeji yake. Asingeomba. Alikaa barazani akitazama mikono yake. Mama alikuwa ndani akimtengea kaka yake chai. Nikaona kama sitasema mimi, hakuna atakayesema.

"Mjomba," nilianza.

"Naam."

Maneno yakakwama. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri.

"Mjomba, baba... Bunju. Nayo." Nikanyoosha kidole kwenye pikipiki.

"Una nini leo? Baba yako kafanya nini na Bunju?"

"Anataka kwenda nayo. Aendeshe mwenyewe. Ampeleke mama."

Nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Mjomba alimtazama baba, akautazama mguu.

"Shemeji, na goti hilo?"

Baba aliinuka kwa fimbo, akaenda kibandani, akaupitisha mguu juu ya kiti, akakaa. Akawasha. Hakuondoka, alikaa tu, miguu yote miwili imenyooka mbele sawasawa, na mtu asiyejua asingeweza kusema mguu mbovu ni upi. Mjomba alikuna shingo.

"Na dada yangu akae nyuma? Mmefikiri nyie? Wakidondoka huko Ubungo mimi nitamwambia nini mama yetu?"

Mama alitokea mlangoni na kikombe. "Nimekaa nyuma ya huyu kabla wewe hujaota ndevu," alisema. "Kunywa chai yako."

Mjomba alikunywa. Alipomaliza akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, akautazama, akaurudisha. "Mteja atasubiri," akasema. "Msilikwaruze tangi."

Siku ya arobaini waliondoka baada ya swala ya alfajiri, kukiwa kumepambazuka. Mama alivaa baibui juu ya khanga, akakunja pindo na kulibana chini ya paja. Baba alivaa kanzu ameikusanya magotini na miwani ya jua niliyoazima kwa kinyozi. Wale majirani waliocheka walitoka.

"Mzee, kitanda kimepata wenyewe!"

"Msilale njiani!"

Baba aliwapungia mkono kama tarishi anayepita getini. Walishuka ile njia ya mchanga kwa gia ya kwanza, bati la pipa likigonga mara mojamoja, mkono wa mama ubavuni mwake. Mimi nikabeba kapu la nazi na mchele, nikaenda kituoni.

Nilibadilisha mabasi, nikasimama njia nzima, na kila tulipokwama nilichungulia dirishani nikitafuta rangi ya zambarau. Sikuwaona. Nikajiambia wameshafika zamani. Pikipiki kama ile, kwenye lami, ingelipita basi letu kama limefungwa kwenye mti.

Nilipofika Bunju kwa dada yangu, hawakuwapo.

Dada alitoka na mtoto begani, akatazama nyuma yangu njiani. "Baba yuko wapi?"

"Hawajafika?"

Uso wake ulibadilika. Ndani wageni walikuwa wamejaa. Bibi mmoja mnyoaji alikuwa ameshaandaa wembe, bakuli la maji na udi. Babu wa upande wa pili, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe, alikuwa amekaa kwenye mkeka akijifanya hana haraka. Nilitoka nikasimama barabarani. Nilifikiria malori ya saruji ya Wazo. Nilifikiria mguu wa kushoto. Nilijiuliza kwa nini sikukiacha kile kidude cha stendi na udongo wake.

Jua likapanda. Nikaitwa. Mzee wa upande wa pili alikuwa amenyoosha mikono kupokea mtoto, anasema kwa upole, "Tumsubiri kidogo tena au tuanze?" na dada anafuta machozi kwa pembe ya khanga.

Ndipo nikausikia mngurumo. *Du-dum, du-dum.* Polepole, gia ya chini, unakaribia kwenye vumbi.

Walikuwa weupe kwa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu. Baba alisimamisha pikipiki mbele ya mlango, mguu wa kulia ukikanyaga taratibu bila kuguswa na mtu. Mama aliteremka kwanza, akaweka baibui sawa. Vumbi lilikuwa kwenye nyusi zake.

"Mmepatwa na nini njiani?" dada alilia. "Mmeanguka?"

"Hatujaanguka," mama akasema, akaingia ndani kusalimia wageni.

Baba alikaa kwenye mkeka, mguu mbele. Mtoto alilazwa juu ya ule mguu, kichwa kwenye paja, miguu kuelekea unyayoni, kama bibi zetu wanavyowalaza watoto kuwaogesha. Alitulia kabisa. Mnyoaji akachovya maji, akachukua wembe.

"Babu, usiutikise mguu," alionya.

"Huu?" baba akasema. "Huu hautikisiki."

Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Nywele zilishuka laini kwenye kitambaa cheupe na mtoto hakuamka mpaka mwisho. Baba alimshika kichwa kwa kiganja, kidole gumba kikipita juu ya utosi polepole, na sikumwona akiinua macho hata watu walipoanza kupakua wali.

Nilimkuta mama uani akinawa uso.

"Mama, mlikuwa wapi?"

Alijipangusa bila haraka. "Ile lami baada ya Mwenge," alisema, "imenyooka. Baba yako akaiachia. Sikuwahi kuona pikipiki inakwenda vile na haipigi kelele. Upepo ulitaka kunivua baibui. Tukafika kule kwenye kiwanda cha saruji lami inapoishia, akasimama. Akaangalia vumbi la mbele. Kisha akageuza."

"Akageuza?"

"Tukarudi mpaka Mwenge. Tukaja tena."

"Na wewe hukumgusa?"

"Nimguse kwa nini?" Alinitazama kama vile nimeuliza jambo la kitoto. "Alikuwa anaendesha vizuri."

Walirudi Chanika jioni, nami nilifika nyuma yao na kapu tupu. Mjomba akaja kuichukua pikipiki kwa lori lilelile. Baba mwenyewe alilifuta tangi kwa fulana ya zamani, akampa ufunguo mkononi, akamwambia shemeji yake amwonye mteja kuhusu kile kidude cha stendi. Ilipofungwa kamba hakuna jirani aliyecheka. Mmoja alishika usukani kuisaidia kupanda.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa barazani wakati wa adhuhuri. Mama alikuwa anachambua mchele, mimi natengeneza baiskeli ya mtu, imepinduliwa kichwa chini. Pikipiki ndogo ilipita njiani kwa kasi, kuku mmoja akaruka mbele yake. Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa, mguu umenyooka kwenye sakafu, na nikauona unyayo wake wa kulia ukikandamiza saruji.

Mama naye aliuona. Aliendelea kuchambua mchele.

"Sasa ndiyo umejua," akamwambia.